Yugo: Lawama Iwe ya Nani?

Mwezi wa Mei, mwaka 2025, mjini Munich katika Ujerumani, palionyeshwa mfano mdogo wa motokaa ambayo ilikuwa bado haijaundwa kiwandani. Jina lililowekwa juu ya mfano huo si jipya. Ni Yugo. Motokaa ya kwanza yenye jina hilo iliachwa kuundwa mwezi wa Novemba 2008, katika mji wa Kragujevac, nchini Serbia, baada ya kuundwa kwa muda wa miaka 28.

Jina hilo halina maana moja kila mahali. Kwa watu wengi wa nchi zile zilizokuwa zikiitwa Yugoslavia, ni jina la motokaa ya kwanza ya nyumbani, ile iliyompeleka mgonjwa hospitali na bibi harusi kwa mumewe. Kwa Wamarekani ni jina la mzaha. Mtu akitaka kusema kwamba kitu fulani ni kibovu kupita kiasi, hukitaja pamoja na Yugo, na wasikilizaji hucheka hata kama hawajapata kuiona motokaa yenyewe.

Sisi hatuna haja ya kuuza motokaa wala ya kuchekesha watu. Haja yetu ni kutafuta jambo moja ambalo kila mfanyakazi yampasa kulijua. Kitu kilichotengenezwa kwa mikono ya watu kinapoanguka sokoni, lawama iwe ya nani? Ya yule aliyekaza skurubu, au ya yule aliyetia sahihi mkataba? Kwa habari ya Yugo, ulimwengu ulikwisha kutoa hukumu upesi: mkosaji ni mfanyakazi. Twaona kuwa hukumu hiyo ilitolewa kabla ya mashahidi wote kusikizwa.

Kwanza yatupasa kuujua mji wenyewe. Kragujevac uko kusini ya Belgrade. Mwaka 1853 kiwanda cha hapo kilianza kusubu mizinga, na tangu siku hizo mji huo umeishi kwa chuma. Oktoba 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Ujerumani, kwa kulipiza kisasi cha askari wake waliouawa na wapiganaji wa msituni, liliwakusanya wanaume na vijana wa Kragujevac na kuwapiga risasi. Waliouawa walikuwa karibu 2,800, na miongoni mwao walikuwamo wanafunzi waliotolewa madarasani. Twalitaja jambo hili kwa sababu mji ulioanza kuunda motokaa miaka michache baadaye ulikuwa mji wa mayatima na wajane. Watu wa namna hiyo hawaanzi kazi kwa mzaha.

Baada ya vita kiwanda kilichukua jina la Crvena Zastava, maana yake Bendera Nyekundu. Mwaka 1950 Yugoslavia ilitunga sheria ya kuwapa wafanyakazi mamlaka ya kusimamia viwanda kwa njia ya mabaraza yao. Mwaka 1953 wafanyakazi wa Kragujevac walipiga kura wao wenyewe kuamua kama fedha ya kiwanda itumiwe kuanzisha kazi ya motokaa. Walio wengi sana walikubali. Mwaka uliofuata wakafanya mkataba na kampuni ya Fiat ya Italia, na hatimaye wakaunda motokaa ndogo kwa mfano wa Fiat 600, ambayo wananchi waliipa jina la mapenzi, Fića. Hata ilipoachwa kuundwa mwaka 1985, Fića zaidi ya laki tisa zilikuwa zimekwisha kutoka kiwandani. Watu ambao baba zao walikwenda kwa gari la ng'ombe waliendesha motokaa iliyoundwa nchini mwao.

Yugo ilikuwa mrithi wa Fića. Ya kwanza iliundwa kwa mikono mwaka 1978, na kazi ya kuziunda kwa wingi ikaanza Novemba 1980, miezi michache baada ya Rais Tito kufariki dunia tarehe 4 Mei ya mwaka ule ule. Mitambo yake ilitokana na ile ya Fiat 127. Urefu wake ulikuwa kama mita tatu na nusu. Injini ya kwanza ilikuwa na nguvu za farasi 45, ndiyo sababu ikaitwa Yugo 45. Haikudai kuwa kitu kingine ila chombo cha kumfikisha mtu wa mshahara mdogo mahali aendako, na fundi wa kawaida aliweza kuifungua na kuifunga kwa vyombo vichache. Mtu asiidharau nguo ya kazi kwa kuwa si nguo ya harusi.

Tena, Yugo haikuwa kazi ya Kragujevac peke yake. Vyombo vya umeme vilitoka Slovenia, vitu vya plastiki vilitoka Kroatia, na vipuri vingine vilitoka Makedonia na Kosovo. Mabati yalipondwa na motokaa ikaungwa Serbia. Kwa hiyo kila Yugo iliyotoka langoni ilikuwa kazi ya jamhuri nyingi zilizokuwa zikiishi chini ya dola moja. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hapo vidole vilikuwa vya mkono mmoja. Msomaji na aliweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

Sasa tuje kwenye mkataba. Katika miaka ya 1970 Yugoslavia ilikopa sana katika nchi za ng'ambo, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 deni lake lilikuwa karibu dola bilioni 20. Wenye mikopo hawakutaka dinari, walitaka dola. Riba ilikuwa imepanda duniani kote na mafuta yalikuwa ghali. Serikali ikageuka huku na huku ikitafuta kila kitu kiwezacho kuuzwa kwa dola. Dawa ya deni ni kulipa, twakubali. Lakini mdaiwa mwenye haraka humpeleka mnadani mbuzi ambaye bado hajanona.

Ndipo akatokea mfanyabiashara wa Kimarekani aitwaye Malcolm Bricklin. Mtu huyu alikuwa mmoja wa walioanzisha, mwaka 1968, biashara ya kuingiza Subaru za Japani katika Marekani. Baadaye alijaribu kuunda motokaa yake mwenyewe huko Kanada, na kampuni hiyo ikaanguka. Mara hii alitaka motokaa ya bei ndogo kuliko zote, akaipata Kragujevac. Katika halmashauri ya kampuni yake aliingia Lawrence Eagleburger, aliyepata kuwa balozi wa Marekani mjini Belgrade. Upande mmoja palikuwa na mtu mwenye kutafuta faida, upande wa pili serikali yenye kutafuta dola. Pande zote mbili zilikuwa na haraka.

Mwaka 1985 Yugo ikaanza kuuzwa Marekani kwa dola 3,990, ikawa motokaa mpya ya bei ndogo kuliko zote nchini humo. Sheria za Marekani juu ya moshi na usalama zilidai mabadiliko mengi katika motokaa iliyobuniwa kwa barabara za Balkani, na muda wa kuyafanya ulikuwa mfupi. Kiwandani ikatengwa njia maalum ya kuundia zile za kupelekwa Marekani. Mwanzo wake ulikuwa wa shangwe. Mwaka 1987 peke yake ziliuzwa zaidi ya 48,000, na hata biashara hiyo ilipokoma mwaka 1992, Wamarekani walikuwa wamenunua zaidi ya 141,000.

Lakini shangwe haikudumu. Malalamiko yakawa mengi: umeme wenye kusumbua, gia ngumu, vitu vidogo vidogo vya ndani vilivyokatika mkononi. Jarida moja la kuwatetea wanunuzi likawashauri watu kwamba ni afadhali kutafuta motokaa nzuri iliyokwisha kutumika. Mizaha ikaanza kwenye redio na televisheni, na mzaha una miguu myepesi kuliko habari ya kweli.

Hatutaki kuficha kasoro, maana atakaye kumtetea mfanyakazi kwa uongo humdhuru. Kazi ya Kragujevac haikuwa safi siku zote. Kiwanda kilikuwa na watu wengi kuliko kazi iliyokuwapo, na mabaraza ya wafanyakazi hayakuwa malaika. Kumkemea mzembe aliye ndugu au jirani yako ni jambo gumu, na mara nyingi halikufanywa. Umoja wa wafanyakazi haukuwekwa uwe kisingizio cha kazi mbovu. Skurubu isiyokazwa haikazwi na hotuba.

Baada ya kusema hayo, tuangalie upande wa pili. Injini ya Yugo ilikuwa na mkanda wa taimingi ambao ulipaswa kubadilishwa kila baada ya mwendo uliowekwa. Mkanda huo ukikatika, vali na pistoni hugongana, na injini huharibika. Mtu wa Serbia alilijua jambo hilo kama ajuavyo kwamba taa hutaka mafuta. Marekani wauzaji walitangaza bei kwa sauti kuu, wala hawakutangaza matunzo kwa sauti ile ile. Wanunuzi wengi waliichukua motokaa hiyo kama mtu anunuavyo ndara: huvaa mpaka ikatike. Ilipokatika, aliyechekwa hakuwa muuzaji, bali alikuwa mtu wa Kragujevac ambaye hakuwapo kujitetea. Na wakati huo huo, huko nyumbani, Yugo zilizotunzwa ziliendelea kwenda barabarani miaka mingi, nyingine hata baada ya kiwanda chenyewe kuacha kuziunda.

Mwanzoni mwa mwaka 1989 kampuni iliyoziingiza Marekani ikafilisika. Bricklin mwenyewe alikuwa amekwisha kujitoa. Mtu aweza kusema kwamba hapo ndipo Yugo ilipokufa. Sivyo. Kiwanda kilichokosa mteja mmoja chaweza kutafuta mwingine, na Zastava ilikuwa ikiuza Uingereza na katika nchi nyingine nyingi. Pigo la kuua lilikuwa bado njiani, nalo halikutoka sokoni.

Juni 1991 Slovenia na Kroatia zilitangaza kujitenga, na vita vikaanza. Sasa msomaji na akumbuke ile orodha ya vipuri. Vyombo vya umeme vilikuwa ng'ambo ya mpaka mpya. Plastiki ilikuwa ng'ambo ya uwanja wa vita. Vidole vile vilivyokuwa vya mkono mmoja vilikuwa vikichomana macho. Tarehe 30 Mei, 1992, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaiwekea Serbia na Montenegro vikwazo vya biashara. Vipuri havikuingia na motokaa hazikutoka. Fedha ya nchi ikapoteza thamani hata mwaka 1993 ikachapishwa noti ya dinari bilioni 500. Mfanyakazi aliyepokea mshahara asubuhi hakujua kama jioni utatosha kununua mkate.

Vita hivyo vilikuwa na dhambi nyingi, na viongozi wa Belgrade wakati wa Slobodan Milošević wana sehemu kubwa sana ya lawama. Mauaji ya Srebrenica ya Julai 1995 hayana udhuru, na ukatili uliotendwa Kosovo hauna udhuru. Hatuvitaji vikwazo ili kusema kwamba dunia ilipaswa kunyamaza. Twavitaja ili kuonyesha nani aliyevilipia. Vikwazo vilipopigiwa kura, Bwana Eagleburger, yule wa halmashauri ya kampuni ya Yugo, alikuwa Naibu Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, na mwisho wa mwaka huo akawa Waziri. Hatumtuhumu kwa neno lolote. Twasema tu kwamba mtu wa mkataba hukuta kiti kingine kinamngoja, na mtu wa spana hubaki nje ya lango lililofungwa.

Likaja pigo la mwisho. Machi 1999, kwa sababu ya mambo ya Kosovo, ndege za NATO zilianza kuipiga Yugoslavia, yaani Serbia na Montenegro zilizobaki pamoja. Ni kweli kwamba jina la Zastava lilikuwa pia jina la kiwanda cha bunduki katika mji huo huo. Wafanyakazi wa motokaa walitangaza mbele ya dunia kwamba watakaa kiwandani usiku na mchana wawe ngao ya mahali pao pa kazi. Katika mwezi wa Aprili kiwanda kilipigwa mara mbili ndani ya siku chache, na watu zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Watu hao walikuwa wameambiwa kwa miaka kumi na zaidi kwamba motokaa yao ni takataka. Hakuna mtu alalaye chini ya mabomu kwa ajili ya takataka. Walilala pale kwa sababu ndipo palipokuwa na chakula cha watoto wao, na kwa sababu kiwanda kile kilijengwa kwa kura ya baba zao.

Baada ya vita wakafagia vifusi na kuanza tena, motokaa chache chache. Serikali mpya ya Belgrade ikatafuta mwenzi wa ng'ambo, na mwaka 2008 ikakubaliana na Fiat kuunda kampuni mpya, Fiat ikiwa na asilimia 67 na Serbia asilimia 33. Novemba mwaka huo Yugo ya mwisho ikatoka. Zote pamoja zilikuwa zaidi ya 794,000. Tangu 2012 kiwanda kikaunda Fiat 500L. Mwaka 2017 wafanyakazi wake wakagoma kudai mshahara bora. Na mwaka 2024 ikaanza kazi ya Fiat Grande Panda. Mashine ni mpya na motokaa ni nzuri. Lakini uamuzi wa nini kiundwe Kragujevac, na kwa muda gani, haupigiwi kura tena Kragujevac.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kuisoma habari hii kama hadithi ya watu wa mbali. Ni Belgrade, Septemba 1961, palipofanyika mkutano mkuu wa kwanza wa nchi zisizofungamana na upande wowote. Tito alizuru Tanzania mwaka 1970, mwaka ule ule nchi hizo zilipokutana Lusaka. Nchi nyingi changa ziliitazama Yugoslavia kama mtu aliyetangulia mbele katika njia nyembamba. Basi yatupasa pia kutazama mahali alipojikwaa.

Twaona mafunzo matatu. La kwanza ni kwamba bei ndogo si sera. Motokaa ya mtu maskini yaweza kuwa rahisi, lakini lazima iwe na vipuri karibu, fundi karibu, na muuzaji asemaye kweli juu ya matunzo. Yugo ilipopata mambo hayo matatu, kama huko kwao, ilifanya kazi yake. Ilipoyakosa, ikawa kichekesho.

La pili ni kwamba deni la nchi huingia kiwandani bila kubisha hodi. Haraka ya kupata dola ndiyo iliyoisukuma Yugo katika soko gumu kuliko yote kabla ya kuwa tayari. Kragujevac palikuwa na baraza la wafanyakazi, lakini baraza lenye mamlaka juu ya spana na lisilo na mamlaka juu ya mkopo ni nusu ya baraza. Wafanyakazi waliulizwa mwaka 1953 kama wataka kuunda motokaa. Miaka 30 baadaye mkopo ndio uliowaamulia iuzwe wapi, lini na kwa bei gani.

La tatu ndilo kubwa. Watu husema juu ya umoja kana kwamba ni jambo la nyimbo na mikutano. Yugo yatuonyesha kwamba umoja ni jambo la vipuri. Wanasiasa walipowafundisha watu kuchukiana kwa kabila na dini, hawakuvunja bendera tu. Walivunja waya uliotoka Slovenia, plastiki iliyotoka Kroatia, na mshahara wa mtu wa Kragujevac ambaye labda hakupata kumchukia mtu yeyote. Kila anayechochea uadui kati ya jirani na jirani anacheza na mkate wa watu asiowajua.

Basi tukirudia swali letu, jibu lina sehemu zake. Fundi aliyeacha skurubu bila kukaza na achukue lawama ya skurubu yake. Muuzaji aliyeficha habari ya matunzo na achukue yake. Wakopaji wachukue ya deni, na wachochezi wa vita wachukue ile iliyo kubwa kuliko zote. Lisilo haki ni kumtwika mzigo wote yule wa chini kabisa kwa sababu tu hana redio wala balozi wa kumtetea.

Huenda siku moja Yugo mpya ikatoka kiwandani. Wengi watauliza bei yake. Sisi twawashauri wafanyakazi, wa huko na wa hapa, waulize neno lingine kwanza: mkataba ulipokuwa ukiandikwa, ni nani miongoni mwa watakaoiunda aliyeitwa mezani?